Kupima Dawa ya Miti Kabla ya Kuinywa

Dawa ya miti ina umri mkubwa kuliko duka, kuliko hospitali, na kuliko sheria yo yote iliyoandikwa juu yake. Katika umri huo wote ilipimwa na watu kwa vyombo walivyozaliwa navyo: jicho, pua, ulimi na kumbukumbu. Mchimba dawa alikwenda porini akautazama mti pale ulipoota. Alilifikicha jani na kulinusa. Alilikwangua gome na kuutazama utomvu wake. Alijua kama anautaka mzizi au ganda, na kama majira ya kuchuma yamefika au bado. Aliporudi nyumbani hakuwa na hati mkononi, walakini alikuwa na jibu la swali lo lote ambalo mgonjwa angeweza kumwuliza juu ya kitu alichokileta.

Elimu hii haikuwa ndogo kama wengine wadhanivyo. Mwarobaini, mti uliotoka Asia na kupewa jina kwa imani kwamba huponya maradhi arobaini, una jamaa yake aitwaye mmelia. Miti hii miwili hufanana kwa mbali kiasi cha kuwakosesha watu wengi. Atazamaye kwa makini huona kwamba vijijani vya mwarobaini vimepangwa katika kikonyo kimoja, navyo vina meno kama msumeno. Bali kikonyo cha mmelia hugawanyika tena katika vikonyo vidogo. Maua ya mwarobaini ni meupe, na ya mmelia yana rangi ya zambarau iliyofifia. Tunda la mwarobaini lina umbo la yai, na la mmelia ni la mviringo kama ushanga, tena ni sumu. Mtu aliyefundishwa kuyatazama mambo haya matatu hapotei. Asiyefundishwa huweza kuchemsha kitu kingine kabisa, akakinywa kwa moyo mweupe.

Lakini mti ukisagwa hupoteza uso. Jani la mti huu na jani la mti ule, yakisha pita katika kinu, hutoka unga wa rangi moja, na mzizi wa dawa na mzizi wa sumu hukaa katika kopo moja bila kugombana. Dawa nyingi za miti za siku hizi huuzwa hivyo: unga, vidonge, au maji ya rangi ya chai ndani ya chupa. Mnunuzi hakuuona mti. Muuzaji mara nyingi hakuuona vile vile, na aliyemwuzia muuzaji aliletewa gunia na mtu mwingine. Imani iliyokuwa juu ya mti imehamia juu ya watu, na watu wenyewe hawajuani.

Mathalan, bibi mwenye kisukari husimama mbele ya kibanda karibu na kituo cha mabasi, akiwa na fedha aliyotumiwa na mtoto wake kwa matumizi ya mwezi. Kijana wa kibanda humwambia, "Bibi, hii ni asili tupu, haina madhara hata kidogo." Bibi huuliza, "Ni mti gani, mjukuu wangu?" Naye hujibiwa, "Ni mchanganyiko wa miti kumi na miwili, bibi." Akizidi kuuliza ni miti ipi, huambiwa kwamba hiyo ni siri ya mzee. Hapo mazungumzo hufika mwisho, na fedha hutoka. Yamkini kijana hasemi uongo. Yamkini siri ipo kweli, na mzee yupo, na miti ni kumi na miwili kamili. Lakini bibi hakupewa jambo hata moja ambalo angeweza kulipima.

Siri ya namna hii ilipata kufunguliwa huko Uingereza, na habari yake yastahili kukumbukwa kwa sababu inaonyesha kupima dawa ni kazi ya namna gani. Katika mwaka 1775 tabibu William Withering alitakiwa atoe rai yake juu ya dawa ya ugonjwa wa kuvimba mwili iliyokuwa siri ya bibi mzee wa Shropshire. Dawa ilikuwa na majani ya namna ishirini au zaidi. Withering, ambaye alikuwa mjuzi wa mimea, alitambua kwamba katika kundi lote lile mmea wenye nguvu haungeweza kuwa mwingine ila Digitalis. Mwingine angalitosheka na ugunduzi huo. Yeye alikaa miaka kumi akiupima mmea kabla ya kuchapisha kitabu chake katika mwaka 1785. Aliona kwamba mzizi hauna kipimo cha kutegemewa. Aliona kwamba jani nalo hubadilika nguvu kwa majira, hata kiasi kilichomfaa mgonjwa katika mwezi mmoja huweza kumdhuru katika mwezi mwingine. Mwishowe alishika kanuni ya kuchuma majani wakati mmea unapotoa maua, kuyakausha kwa uangalifu, kuyasaga, na kuupima unga wake kwa mizani. Mmea ni ule ule wa bibi mzee. Kilichoongezwa ni mizani. Pasipo mizani hiyo Digitalis huusimamisha moyo ambao ulitakiwa kusaidiwa.

Basi swali la kwanza juu ya dawa yo yote ya miti ni jina la mmea. La pili ni sehemu ya mmea. La tatu ni kiasi. Maswali haya ni mepesi kuyatamka. Ugumu wake ni kwamba jina lenyewe huweza kuwa mtego, na hakuna mahali ambapo jambo hili lilidhihirika kwa huzuni kuliko mji wa Brussels.

Huko palikuwa na kliniki ya kupunguza unene ambayo ilikuwa imewahudumia watu kwa miaka mingi bila msiba. Katika mwaka 1990 iliongeza katika vidonge vyake unga wa mimea miwili ya Kichina. Mmoja katika hiyo uliandikwa kuwa ni Stephania tetrandra. Baada ya muda, wanawake wasio wazee, waliokuwa hawana ugonjwa wa figo hapo kwanza, walianza kufika hospitali wakiwa na figo zilizokauka upesi kuliko kawaida. Madaktari waliuliza, wakakuta kwamba wote walipita katika mlango wa kliniki moja. Habari ilitangazwa na madaktari hao katika mwaka 1993. Unga ulipopelekwa maabara, kemikali ambayo ingeshuhudia kuwapo kwa Stephania haikuonekana inavyostahili. Mahali pake palionekana asidi ya aristoloki, sumu ya mmea mwingine uitwao Aristolochia fangchi.

Mchanganyiko huu ulitoka katika jina. Kwa Kichina mzizi wa Stephania huitwa han fangji, na wa Aristolochia huitwa guang fangji. Jina la ukoo ni moja. Tofauti imo katika neno dogo la mbele. Mahali fulani katika safari ndefu kutoka shamba mpaka kopo, neno dogo lile lilianguka. Wagonjwa walipata kupita 100. Wengi wao walihitaji mashine ya kusafisha damu au figo ya kupandikizwa, na hata hapo jambo halikuisha, kwa kuwa sumu ile huleta saratani ya njia ya mkojo. Katika mwaka 2000 ilitangazwa kwamba katika wagonjwa 39 waliokubali kuondolewa figo na mirija yake iliyokwisha kufa kazi, 18 walikutwa na saratani. Wanawake hao hawakutafuta sumu, wala hawakununua kwa mchuuzi wa njiani. Walikwenda kwa daktari, wakalipa, wakapewa vidonge vyenye jina la kitaalamu. Jina la kitaalamu ni bora kuliko siri ya mzee, ila lina thamani pale tu ambapo mtu mwenye elimu amelilinganisha na kilichomo ndani.

Digitalis ya Withering nayo ilirudi kwa mlango wa nyuma. Katika mwaka 1997 huko Marekani mwanamke kijana alifikishwa hospitali moyo wake ukipiga kwa namna ya kutisha, baada ya kutumia mimea ya "kusafisha mwili". Kopo liliahidi jani la Plantago, ambalo ni jani la upole lisilo na kisa. Ndani yake palikuwa na Digitalis lanata. Shehena ya jani hilo ilikuwa imekwisha sambazwa, kwa muda wa miaka miwili, kwa watengenezaji na wauzaji zaidi ya 150. Gunia moja lililokosewa huzaa makopo mengi yenye majina mbalimbali na picha mbalimbali za majani mabichi.

Yupo atakayesema kwamba dawa ya shaka hii ni kununua mzizi mzima na kuusaga nyumbani. Shauri hili ni jema, nalo huondoa hatari nyingi. Mdalasini ni mfano wake mzuri. Mdalasini wa kweli ni ganda jembamba lililokunjwa tabaka juu ya tabaka kama karatasi, jepesi kuvunjika kwa vidole; ndugu yake, kasia, ni ganda nene gumu lenye mkunjo mmoja. Kasia ina kumarini nyingi, na kumarini ikizidi hulidhuru ini la baadhi ya watu. Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya iliweka kiasi cha kustahimilika kuwa miligramu 0.1 kwa kila kilo ya uzito wa mtu kwa siku. Mtu wa kilo 60, basi, ana miligramu 6. Kijiko kimoja cha chai cha unga wa kasia chaweza kuvuka mpaka huo. Kwa mpishi wa pilau jambo hili si kitu. Kwa yule bibi wa kisukari, ambaye huambiwa ale kijiko kila asubuhi miezi yote, ni kitu, na tofauti ambayo ingeonekana kwa jicho katika vijiti haionekani kabisa katika unga.

Hata hivyo mzizi mzima nao huweza kupakwa uso usio wake. Huko Bangladesh, baadhi ya wasuguaji wa manjano walikuwa wakiipaka mizizi rangi ya kromati ya risasi ili iwe na njano ya kung'aa ambayo wanunuzi waliipenda. Risasi hudumaza akili za watoto na kuwatesa wenye mimba. Utafiti ulipoweka jambo hilo wazi katika mwaka 2019, serikali iliwaonya wafanya biashara, ikawatoza faini waliokamatwa na kukagua masoko, na ghushi hiyo ikapungua sana katika muda mfupi. Hapo jicho la mnunuzi halikuwa msaada, bali ndilo lililokuwa kiini cha madhara, maana rangi iliwekwa kwa kulifurahisha. Ukungu nao hivyo hivyo: jani lililonyaukia mahali penye unyevu huweza kunuka, na pua ikaonya, walakini sumu ambazo ukungu huziacha hazina harufu wala ladha zikisha changanywa na asali au tangawizi.

Ghushi iliyo mbaya kuliko zote pengine ni ile inayofanya dawa ionekane njema. Mti huenda polepole. Anywaye dawa ya maumivu ya viungo jioni, akaamka asubuhi akikimbia, ana sababu ya kushangilia, na ana sababu kubwa zaidi ya kuuliza. Maabara za nchi nyingi zimekuta dawa za hospitali zikiwa zimesagwa na kufichwa ndani ya unga wa miti: steroidi katika dawa za viungo na pumu, sibutramini katika dawa za kupunguza unene, sildenafili katika dawa za nguvu za kiume. Huko Marekani peke yake, tangu mwaka 2007 mpaka 2016, serikali ilitaja bidhaa 776 zilizoghushiwa hivyo. Sibutramini iliondolewa sokoni huko Ulaya na Marekani katika mwaka 2010 kwa sababu ya madhara yake kwa moyo na mishipa. Sildenafili ikikutana na dawa za naitreti azitumiazo mgonjwa wa moyo huweza kuushusha msukumo wa damu mpaka kufa. Mzee anayejificha kununua kikopo cha nguvu hamwambii daktari wala mkewe. Ikiwa atazimia, hapana atakayejua la kumweleza mwuguzi. Sifa ya "hufanya kazi usiku huo huo", ambayo wauzaji huitangaza kwa vipaza sauti, ingefaa ihesabiwe kuwa ni onyo.

Je, mnunuzi asiye na maabara afanyeje? Aanze na karatasi iliyobandikwa juu ya kopo. Yafaa iwe na jina la mmea la kitaalamu pamoja na la kienyeji, sehemu iliyotumika, uzito katika kila kidonge au kijiko, jina la mtengenezaji na mahali anapopatikana, namba ya toleo, na tarehe ya mwisho wa matumizi. Namba ya toleo hudharauliwa kuliko vyote, nayo ndiyo yenye siri ya uaminifu: mtengenezaji aandikaye namba hiyo amejiandaa kuitwa siku ambayo mambo yataharibika. Neno "asili" halijibu swali lo lote katika haya. Aristolochia ni asili, na risasi huchimbwa ardhini. Orodha ya maradhi nayo humfunulia mnunuzi mengi. Kopo linaloponya kisukari, saratani, utasa, vidonda vya tumbo na bahati mbaya halikuandikwa na mtu aliyewahi kupima hata kimoja katika hivyo. Arobaini ya mwarobaini ilikuwa sifa ya mapenzi kwa mti, haikuwa hesabu.

Kisha aulize kama dawa imesajiliwa. Tanzania ilitunga Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala katika mwaka 2002, ikaunda Baraza la kuwasajili waganga na kusimamia dawa zao. Usajili hauthibitishi kwamba dawa itaponya, wala haufai kusomwa hivyo. Lakini humpa dawa mwenyewe, na mwenyewe huyo huwa na anuani. Watu wengine huidhani bidhaa iliyovuka bahari kuwa imepimwa zaidi. Sheria ya Marekani ya mwaka 1994 haimlazimu mtengenezaji wa virutubisho vya mimea aithibitishie serikali kwamba bidhaa yake hufaa kabla ya kuiuza. Zipo alama za vyombo vya kujitegemea ambazo hushuhudia kwamba kilichoandikwa ndicho kilichomo, na alama hizo ni za manufaa. Ila kusema kwamba kilichomo ndicho si kusema kwamba kinafaa.

Tena dawa safi, ya mti wenyewe, iliyopimwa kwa haki, huweza kumdhuru mtu mmoja na kumwacha mwingine salama. Mafuta ya mbegu za mwarobaini, ambayo watu wazima hujipaka ngozini, yaliwaletea watoto wachanga huko Malaysia ugonjwa mkali wa ubongo na ini walipopewa kunywa. Kitunguu saumu, ambacho hakikosi jikoni, kilipopimwa katika vidonge kwa watu wenye afya, kilipunguza kwa nusu hivi kiasi cha saquinavir katika damu, dawa iliyokuwa ikitumika wakati huo dhidi ya virusi vya UKIMWI. Aliyekuwa akitumia vyote viwili angaliona anajiongezea kinga, kumbe anaibomoa.

Kwa ajili hii mgonjwa hana budi kumwambia daktari kila anachokunywa. Na hapa lawama haiwaendei wagonjwa peke yao. Wako waganga wa hospitali ambao wakisikia neno "miti" hukunja uso na kumkemea mgonjwa mbele ya watu. Mgonjwa aliyekemewa mara moja hasemi tena, na kopo hubaki mfukoni. Kemeo la dakika moja hufunga mlango ambao mashine zote za maabara haziwezi kuufungua. Daktari mwenye busara huomba kuliona kopo, hulisoma, na huandika jina lake katika cheti pamoja na dawa nyingine.

Muuzaji mwema naye huweza kujulikana. Akiulizwa asilolijua husema halijui. Humwuliza mnunuzi umri wake, kama ana mimba, na dawa gani nyingine anazitumia. Humrudisha hospitali mwenye ugonjwa asiouweza, ingawa fedha iko mezani. Watu wa namna hii wapo, mijini na vijijini, na wengi wao wamerithi elimu ya yule mchimba dawa aliyeutazama mti ulipoota. Hao hawachukii maswali ya bibi, kwa sababu nao huwauliza wanaowaletea magunia.

Kopo lililokwisha lisitupwe upesi, wala karatasi yake isibanduliwe. Wanawake wa Brussels na yule kijana wa Marekani walijulikana kilichowadhuru kwa kuwa palikuwapo dawa ya kupelekwa maabara. Mgonjwa akifika hospitali na macho ya njano au miguu iliyovimba, akiwa na mabaki ya unga katika kopo lake, daktari huwa na mahali pa kuanzia. Na akiikuta namba ya toleo, watu wengine walionunua katika gunia lile lile huweza kutafutwa kabla hawajaumwa.